Jinsi ya Kuwa Fundi wa Ngozi Kabla ya Mnada Ujao

Ndugu yangu wa Kharumwa, karibu ukae. Rudishia mlango kidogo, maana haya si mambo ya kusikiwa na kila mpita njia.

Najua kinachokunyima usingizi. Umeona kwenye simu picha ya jamaa wa Ulaya, ndevu zimechanwa, ameketi dirishani anashona pochi ya ngozi kwa mkono, na pochi hiyo inauzwa bei ya ndama. Ukainua macho, ukaona ng'ombe wanapita barabarani na vumbi lao. Ukapiga hesabu. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, ni kati ya nchi zenye ng'ombe wengi zaidi Afrika, na Usukumani hapa hata mtu asiye na ng'ombe huongea kama anaye. Ukajiambia: mimi na yule jamaa tumepishana ndevu tu.

Umewaza vizuri. Usimsikilize anayesema kazi ya ngozi inataka miaka. Inataka wiki moja, simu yenye kamera nzuri na uso mkavu. Nifuate.

Hatua ya kwanza: vaa kwanza, jifunze baadaye

Kabla ya kutafuta ngozi, tafuta aproni. Iwe nzito, iwe na mifuko mingi, na iwe imechakaa kidogo sehemu ambazo hujawahi kuzifanyia kazi. Yule fundi viatu wa stendi ameshona chini ya mwamvuli tangu wilaya hii ya Nyang'hwale haijakatwa kutoka Geita, lakini kwa kuwa hana aproni, watu humwita "we fundi" na kumlipa kwa sarafu. Wewe utaitwa msanii.

Vifaa vya lazima ni vichache: kisu kikali, msharasi wa kutobolea, sindano mbili butu, uzi imara, donge la nta ya nyuki na nyundo ya mbao. Vyote vinaenea kwenye ndoo, na hapo ndipo penye kasoro, kwa sababu ndoo haipendezi kwenye picha. Nunua vingine ishirini usivyovijua majina, vitundike ukutani kwa mpangilio wa ukubwa. Mgeni akikuuliza kile chenye meno kina kazi gani, mwambie, "Hicho hukigusi mpaka uwe umekomaa."

Kisu usikinoe. Kisu kikali hukata ngozi kwa pigo moja na kuacha ukingo ulionyooka, na ukingo ulionyooka watu watadhani umetoka kiwandani. Kisu butu hutafuna. Ukingo uliotafunwa ndio unaoitwa kazi ya mkono.

Hatua ya pili: chukua ngozi ya bure

Nenda machinjioni asubuhi. Tangu bei ya ngozi iporomoke, wachinjaji wengi huiona kama mzigo. Nyingine hufukiwa, nyingine hutupwa. Utapewa pamoja na shukrani.

Usiikague. Ukiikagua utaona matobo ya kisu cha mchunaji aliyekuwa na haraka, alama za kupe, mikwaruzo ya miiba, na chapa ya moto iliyopigwa katikati ya ubavu, mahali palepale ambapo ungekata kipande kizuri kuliko vyote. Watu wa viwandani hushusha daraja la ngozi kwa kasoro hizi. Wewe usishushe kitu. Mwambie mteja kwamba kila kovu lina historia yake. Hata tobo lina historia, ila fupi.

Washika sheria watakwambia ngozi mbichi huanza kuoza saa chache tu baada ya kuchunwa, kwa hiyo ipakwe chumvi nyingi upande wa nyama, kiasi cha kama theluthi ya uzito wake, au itandazwe kwenye fremu ya miti kivulini, upepo upite juu na chini. Chumvi ni hela, na fremu ni kazi. Wewe tupa ngozi juu ya bati saa sita mchana. Kufikia jioni itakuwa imekakamaa, nawe utaona umeshinda. Ni kweli kwamba jua kali huipika juu huku ndani ikiendelea kuoza, na ukija kuiloweka itagoma kulainika au itachanika vipande. Lakini hilo ni tatizo la wiki ijayo. Wiki hii mbwa wa mtaa mzima wamekufahamu, na biashara yoyote huanza na kufahamika.

Hatua ya tatu: ruka kuitengeneza

Hapa ndipo wanyonge hukata tamaa, kwa sababu hawajui kwamba sehemu hii inarukika.

Ngozi iliyokauka bado si ngozi ya kazi. Ikilowa inarudi kuwa ngozi ya mnyama, inanuka na kuoza. Ili iache tabia hiyo, hulowekwa kwenye maji ya chokaa manyoya yalegee, ikakwanguliwa nyama na mafuta, kisha ikatiwa kwenye maji ya tanini, ile dawa ya magome inayokausha ulimi. Huanzia maji mepesi ikasogezwa hadi mazito, wiki hadi wiki, mpaka dawa ifike katikati. Nchini kwetu magome ya miwati yapo: kampuni ya TANWAT kule Njombe ilianzishwa mwaka 1949 kwa kazi hiyohiyo ya kukamua dawa ya miwati. Kuna pia njia ya kromu, ambayo kiwandani humaliza kazi kwa siku moja au mbili na kuitoa ngozi ikiwa na rangi ya bluu.

Njia zote mbili ziepuke. Na ukienda Mwanza uwe mwangalifu zaidi, maana chuo cha DIT kina kampasi kule inayofundisha teknolojia ya ngozi. Watu wameingia pale kuulizia choo wakatoka wanajua mambo.

Njia yako ni hii: kwangua manyoya kwa wembe, loweka ngozi usiku mmoja kwenye majani ya chai yaliyokolea, ianike. Juu itapata rangi ya kahawia safi kabisa. Anayejua kazi atakata ukingo na kutazama katikati, na akikuta mstari mweupe, basi dawa haikufika ndani. Kwa hiyo ukiwa na mteja usikate kitu. Kata usiku.

Ikitokea mkanda wako umekauka kiasi kwamba ukigongwa unalia, usione aibu. Sema umeutengeneza kwa ngozi ya ngoma, kwa heshima ya vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu. Ngoma ya Kisukuma kweli huwambwa ngozi isiyotiwa dawa, na hapo umesema ukweli, jambo ambalo ni zuri kulifanya mara mojamoja. Akizidi kuuliza, mrudishe kwa wahunzi wa Barongo waliofua chuma upande huu wa Geita, ambao mivukuto yao iliwambwa ngozi ya mbuzi. Mteja akishasikia habari za mababu, huona haya kunusa bidhaa.

Hatua ya nne: au nunua ya plastiki

Kama mbwa wamekuzidi, panda gari hadi Kahama au Katoro ununue ngozi bandia kwa mita. Inakuja na rangi yoyote, haina kovu wala ukoo. Upande wa nyuma una kitambaa. Uufiche kwa kuubandika juu ya kipande kingine, kisha piga mhuri wa NGOZI HALISI. Mhuri usiwe mdogo. Mtu mkweli hana sababu ya kunong'ona.

Adui yako mmoja ni kiberiti. Ngozi ya kweli ukiichoma kidogo ukingoni hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu, wakati ya plastiki huyeyuka na kudondosha matone. Basi duka lako liwe na tangazo la Usivute Sigara Hapa. Watakusifu hata watu wa afya.

Hatua ya tano: anza na mradi mkubwa

Vitabu vya kujifunzia huanza na vitu vidogo: kishika funguo, ala ya kisu, pochi ya mishono minne. Huo ni mtego. Kishika funguo kikiharibika, watu watasema hujui kazi. Begi la safari likiharibika, watasema mradi ulikuwa mzito. Ukubwa wa mradi ndio blanketi la kushindwa.

Tuna mfano wa kitaifa. Miaka ya 1970 kilibuniwa Kiwanda cha Viatu cha Morogoro kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilitakiwa kutoa viatu milioni 4 kwa mwaka, kitosheleze soko la ndani, na sehemu kubwa ivuke bahari kwenda Ulaya. Kilijengwa kwa kuta za alumini bila mfumo wa kupitisha hewa, kwenye joto la Morogoro. Hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake, na kikafungwa mwaka 1990. Mpaka leo kinasomwa kwenye vitabu vya uchumi. Nitajie kishika funguo kimoja kilichopata heshima hiyo.

Kwa hiyo anza na buti za mgodini, jozi hamsini kwa mkupuo. Au sofa.

Hatua ya sita: pima kwa macho

Ukibanwa utengeneze kitu kidogo, tengeneza mkanda, kwa sababu kila mwanamume wa hapa anashikilia suruali.

Mafundi waoga hukata mkanda kando ya uti wa mgongo, ambako ngozi ni nene na imeshikana, unene wa milimita 3 na nusu hadi 4. Hupima mkanda wa zamani wa mteja kuanzia pale unapokunjwa kwenye chuma hadi kwenye tundu analolitumia, wakalifanya tundu hilo kuwa la katikati kati ya matano. Hawamuulizi saizi ya suruali, maana saizi ya suruali hudanganya.

Wewe kata tumboni, kwa kukingama. Ngozi ya tumbo ni laini, inakatika kirahisi na inavutika vizuri mno. Baada ya siku chache mkanda utakuwa umerefuka matundu mawili. Mteja akirudi analalamika, mtazame kwa huruma umwambie amekonda. Kama ni mchimbaji aliyetoka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, kule Bukwimba au Nyijundu, atakuamini papo hapo, na pengine akapitia zahanati.

Hatua ya saba: shona panapoonekana

Mshono wa kweli wa mkono hutumia uzi mmoja na sindano mbili, moja kila ncha. Uzi hukatwa mara nne ya urefu wa mshono, ukasuguliwa nta. Kila tundu hupitiwa na sindano zote mbili kwa kupishana, kisha pande zote huvutwa kwa nguvu sawa. Uzi ukikatika mahali pamoja, mishono mingine inabaki imeshika. Mshono wa cherehani ukikatika mahali pamoja, unaweza kufumuka wote. Hii ndiyo sababu halisi ya pochi ya yule jamaa wa dirishani kuuzwa bei ya ndama, na ndiyo maana hatutaiongelea sana.

Tumia gundi ya viatu. Maelekezo yanasema upake pande zote mbili, usubiri mpaka isinate kwenye kidole, ndipo ubandike na kugonga. Kusubiri ni kwa watu wasio na maono. Bandika ikiwa mbichi, kisha piga mishono kumi ya kweli karibu na nembo, mahali ambapo jicho la mteja hutua kwanza. Pengine pote chora mishono kwa kalamu nyeupe. Chora ikiwa imepinda kidogo, ili ionekane mkono ulichoka.

Gundi hulegea ikipata joto, na kiti cha bodaboda kilichoachwa juani ni jiko. Kwa hiyo uza jioni, na umtakie mteja safari fupi.

Hatua ya nane: nakshi na rangi

Ngozi iliyotengenezwa kwa magome hupokea nakshi: unailowanisha, unasubiri rangi yake ya awali ianze kurudi, ndipo unagonga chapa mara moja na alama inabaki. Ya kromu hugoma, alama huinuka ikapotea. Wewe yako ni ya chai, kwa hiyo haijulikani itafanya nini. Pasha moto msumari wa inchi nne, chora simba. Akitoka kama mbuzi, sema ni mbuzi. Sisi si watu wa simba, sisi ni wafugaji.

Jihadhari na majina. Mteja akitaka mkanda ulioandikwa Nyang'hwale, hakikisha ile alama ya juu ipo mahali pake. Msukuma atakusamehe mshono, atakusamehe hata harufu, lakini jina la kwao hakusamehe.

Rangi ipake nyingi na usiifute. Anayeifuta mpaka kitambaa kitoke safi anapoteza rangi aliyoinunua. Ikihamia kwenye suruali nyeupe ya mteja siku ya harusi, hesabu kwamba umetangaza bidhaa mbele ya kamati nzima. Kingo nazo zinatakiwa zipunguzwe makali, zilowanishwe, zisuguliwe kwa mti laini mpaka zing'ae. Pitisha kiwi cheusi, imetosha. Na mwisho wa yote paka mafuta ya kupikia. Yatachacha baada ya muda, lakini panya wataipenda, na panya hawadanganyi.

Hatua ya tisa: lenga siku duara lilipotema

Usiuze kila siku. Mwalimu atakuuliza maswali, mama muuza mboga atavuta mshono. Msubiri mchimbaji ambaye duara lake limetema dhahabu. Mtu huyu hahesabu mishono. Anauliza jambo moja: hakuna mkanda wenye chuma kikubwa zaidi ya hiki? Uwe nao. Chuma kifike kitovuni. Bei itamke huku ukitazama pembeni, halafu iongeze kidogo kwa kuwa amenyamaza.

Mpe na dhamana ya maisha. Maisha ya nani, usiseme.

Msemo wa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza usikuvunje moyo. Chako kitembeze. Kitembeze mpaka Bombambili, kwenye maonesho ya teknolojia ya madini ya Geita yaliyoanza mwaka 2018. Kule utakutana na wakubwa wa nchi wanaopenda kushika bidhaa ya kijana mzawa na kupigwa picha. Weka kibao: SAMPULI, HAZIVUTWI.

Malalamiko yatakuja, na majibu yake ni matatu. La kwanza: "Uliivaa kwenye mvua?" La pili: "Ngozi ni kitu hai, kaka, inapumua." La tatu, ukiwa umeishiwa: "Hiyo si kazi yangu, kuna watu wananiiga."

Hatua ya kumi: ajiri ujuzi

Ikifika siku mteja mkubwa ametoa oda ya kweli na malipo ya awali umeshakula, usihangaike. Ukiingia giza nenda kwa fundi viatu wa stendi. Mwamkie vizuri, akikuzidi umri mwite mzee. Mpe ngozi iliyotengenezwa sawasawa, ya kununua, maana yako ataitambua kwa pua kabla hujaishusha kwenye boda.

Atatoa kisu kinachokata kwa pigo moja. Atapima, atatoboa, atasugua nta, atashona kwa sindano mbili bila kuzitazama huku anakuuliza habari za nyumbani. Atakudai pesa kidogo kiasi cha kukutia wasiwasi. Mlipe, usimpunguze, ondoka haraka. Asubuhi piga mhuri wako.

Kuna hatari moja: usikae ukamtazama. Kuna vijana wenzako waliokaa, wakaombwa washike uzi, kesho yake wakarudi wenyewe, na sasa hawana kampuni, hawana nembo, wanachojua ni kushona tu.

Hatua ya kumi na moja: kuwa mkufunzi

Ukishashindwa kabisa kutengeneza, huna budi kufundisha. Andika mradi wa kuwawezesha vijana kupitia mnyororo wa thamani wa ngozi. Kodi ukumbi, chapisha vyeti kabla ya masomo ili visichelewe, alika mgeni rasmi, na uwe na wimbo wa ufunguzi mrefu.

Siku ya kwanza fundisha historia. Siku ya pili fundisha ujasiriamali. Siku ya tatu wagawe katika makundi wajadili changamoto, na wahakikishie kwamba changamoto kubwa ni mitaji. Ada ilipwe yote mwanzoni, kwa sababu watakapoanza kuelewa watataka kurudishiwa.

Daima kutakuwa na mmoja, kwa kawaida binti amekaa nyuma na daftari, atakayenyoosha mkono na kusema: "Samahani mwalimu, naomba utuonyeshe ule mshono wa sindano mbili." Mpongeze kwa swali zuri. Waombe wenzake wampigie makofi. Kisha tangaza mapumziko ya chai.